Kengele ya Reli

Kengele ya shule yetu ya msingi ilikuwa kipande cha reli. Kilining'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na nondo fupi ya kukigongea ilichomekwa kwenye pacha ya shina ili watoto wadogo wasiifikie. Mwanafunzi wa zamu mwenye mkono mzuri aliweza kukifanya kisikike hadi sokoni. Nilikisikia kwa miaka saba: cha mstarini, cha uji, cha kwenda nyumbani. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza jambo lililokuwa wazi kama jua la Handeni. Reli ile ilitoka wapi? Handeni hakuna treni. Aliyetaka kuona treni alipanda basi hadi Korogwe, akasimama karibu na stesheni, akaiona, akarudi kusimulia.

Swali hilo lilinijia nikiwa mtu mzima mwenye mvi tatu nne, nimekaa barazani kwangu Korogwe, napitia katalogi ya treni za kuchezea.

Hapo inabidi nijieleze, maana najua wapo watakaocheka. Ninafundisha hesabu, na ninapenda treni ndogo. Sina hata moja iliyonunuliwa dukani, kwa sababu kichwa kimoja kizuri, ukiongeza gharama za posta na ushuru, kinakula karo ya mtoto. Lakini mdogo wangu anafanya kazi kwenye bohari huko Ujerumani, na kila akija likizo hunibebea katalogi na magazeti ya wapenzi wa treni hizo. Wengine huletewa viatu. Mke wangu ana maoni yake juu ya jambo hili, na siyaandiki hapa.

Kwa wasioujua mchezo huu: kila mwanzo wa mwaka, katika mji wa Nuremberg, hufanyika maonyesho makubwa ya vitu vya kuchezea yaliyoanza mwaka 1950. Watengenezaji wa treni ndogo huitumia nafasi hiyo kutangaza bidhaa zao mpya. Kichwa fulani kitatoka kwa rangi ya zamani, behewa fulani limeongezewa ngazi za chuma nyembamba kama sindano, sauti ya injini fulani imerekodiwa upya. Wanunuzi wengi si watoto. Ni watu wazima wenye miwani, wanaoweza kubishana mwezi mzima kama rangi ya kijani iliyopakwa ndiyo kijani yenyewe. Niliposoma mabishano yao kwa mara ya kwanza, kwa msaada wa kamusi, nilijisikia nimepata ndugu.

Hesabu yake ndiyo iliyonivuta. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1:87, yaani kila kitu kimegawanywa kwa 87, na mtu wa kimo cha mita 1.70 anabaki na sentimita mbili kasoro kidogo. Kuna treni kubwa za bustanini, LGB, zilizoanza kuuzwa mwaka 1968, ambazo kipimo chake ni 1:22.5 na reli zake zina upana wa milimita 45. Zidisha 45 kwa 22.5. Unapata mita moja na chembe. Mita moja ndiyo upana wa reli ya Tanga inayopita hapa Korogwe. Kwa hiyo, kwa hesabu tu, mtoto wa Kijerumani anayeendesha treni ya LGB kati ya maua ya mama yake anaiendesha kwenye reli yetu.

Siku ile barazani nilifika ukurasa wa kampuni ya Busch. Hawa walianza mwaka 2010 kuuza treni za mashambani kwa kipimo cha 1:87. Reli zao zina upana wa milimita 6.5. Viinjini vyao vya dizeli ni vidogo kama punje kubwa ya korosho, na kwa kuwa ni vyepesi mno vimetiwa sumaku ndani ili vishike reli ya chuma visiteleze. Nyuma yake huja vitoroli vya kumwagia mchanga, vyenye tumbo la umbo la herufi V. Zidisha 6.5 kwa 87: 565. Milimita 565 si mbali na sentimita 60, na walichokuwa wanaiga ni reli ya sentimita 60.

Nilikitazama kitoroli kile nikakitambua. Niliwahi kukikalia.

Cha kwetu kilikuwa nyuma ya bohari la shamba moja la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, mahali alipofanya kazi babu yangu mzaa mama. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwake wakati wa likizo. Wakati huo kitoroli kilikuwa hakitembei tena. Kilikuwa kimelala ubavu, kutu imekila sakafuni, na kuku walitagia humo. Nilitumwa mayai asubuhi, nikakikalia nikiyahesabu. Na sasa hicho hicho, kimegawanywa kwa 87, kilikuwa kwenye karatasi ya kung'aa chini ya maneno yenye maana ya «bidhaa mpya».

Reli ya sentimita 60 haikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Katika miaka ya 1870 Mfaransa Paul Decauville, mwenye shamba na kiwanda kusini ya Paris, alianza kutengeneza reli nyepesi zilizokwisha kufungwa kwenye mataruma ya chuma kabla hazijatoka kiwandani. Kila kipande kilikuwa kama ngazi fupi. Watu wawili wanakibeba, wanakilaza chini, wanakiunga na kile cha kwanza, wanaendelea. Kazi ikiisha upande huu wa shamba, wanakiondoa na kukihamishia upande mwingine. Mwaka 1889, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Decauville alitandika reli yake ya sentimita 60 ndani ya viwanja na kusafirisha watu zaidi ya milioni 6. Baada ya hapo hakuhitaji kumweleza mtu bidhaa yake ni nini.

Wajerumani nao walikuwa wameanza. Benno Orenstein na Arthur Koppel walifungua kampuni yao Berlin mwaka 1876, na jina la Orenstein & Koppel likaja kubandikwa kwenye injini ndogo na matoroli karibu kila nchi iliyokuwa na machimbo au mashamba makubwa. Waliuza kwa katalogi. Mwenye shamba alichagua vipande vilivyonyooka, vya kupinda, vya kugawanya njia, meza ya kugeuzia, idadi ya matoroli, kisha akalipa akasubiri meli.

Sasa angalia mwaka 1891. Kwenye maonyesho ya biashara ya mji wa Leipzig, kampuni ya Märklin kutoka Göppingen ilionyesha treni ya kuchezea iliyouzwa pamoja na mfumo mzima wa reli: vipande vilivyonyooka, vya kupinda, vya kugawanya njia, kwa upana uliopangwa, ili mtoto aweze kuongeza kipande kimoja kila Krismasi. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa mchezo huu kama tunavyoujua. Na mwaka huo huo, 1891, Wajerumani waliunda kampuni ya kujenga reli kutoka Tanga kwenda Usambara. Nilipoziona tarehe hizo mbili kwenye karatasi moja nilinyamaza kidogo. Sisemi kwamba moja ilizaa nyingine. Ninachosema ni kwamba biashara ni ile ile: fungua katalogi, chagua vipande, unga. Tofauti ni nani alikuwa anasubiri sanduku upande wa pili, na nani aliyelibeba kutoka bandarini.

Reli kubwa ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Kampuni iliishiwa fedha njiani, serikali ya Ujerumani ikaichukua mwaka 1899, na treni ikafika Korogwe mwaka 1902. Miaka tisa kwa safari ambayo leo basi la asubuhi linaimaliza kabla ya chai kupoa. Moshi ilifikiwa mwaka 1911. Katikati ya hayo palikuwa na reli nyingine ndogo ya sentimita 75, kutoka Tengeni kwenda Sigi, ya kushusha magogo kutoka misitu ya Amani. Hiyo nayo ina wapenzi wake, na mimi ni mmoja wao, lakini leo si siku yake.

Mwaka ule ule wa 1893 uliletwa mkonge. Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kwenye hiyo 62 ndipo ilipoanzia bahari ya majani ya bluu unayoiona ukishuka kutoka Mombo hadi Muheza. Mkonge na reli ndogo ni kama sufuria na mfuniko, na sababu yake ni uzito. Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama ya kijani. Kilo 100 za majani hutoa kama kilo 4 tu za singa. Tena jani likishakatwa halisubiri. Linatakiwa lifike kwenye korona, mashine ya kulikwangua, kabla halijakauka. Kwa hiyo kila siku shamba lilipaswa kusafirisha mlima wa majani ili libaki na rundo dogo la kamba. Barabara za udongo wakati wa masika zisingeweza. Mataruma ya mbao yangeliwa na mchwa. Reli nyepesi yenye mataruma ya chuma, inayohamishika kufuata wakataji, ikawa jibu, na mashamba ya Tanga yakaijaza nchi nzima kwa reli za sentimita 60.

Katika picha nyingi za matangazo ya zamani kuna kiinjini mbele kinatoa moshi. Mashamba makubwa kweli yalikuwa navyo. Lakini kutoka mistarini kwenye wakataji hadi njia kuu, na katika mashamba mengine njia nzima, injini ilikuwa watu. Babu aliyaona hayo na kuyafanya. Aliajiriwa ujanani, miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati nchi ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka na ikiongoza dunia. Majirani zake kambini walikuwa manamba, watu walioletwa na mabasi na treni kutoka mbali, wengi wao kwa mikataba ya ile ofisi ya kuajiri ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944, SILABU. Jina lenyewe, manamba, lilitokana na namba walizopewa. Kisha mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, kamba za plastiki zikateka soko, matrekta yakachukua kazi ya reli, na kufikia miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa chini ya tani 40,000. Reli zikang'olewa. Nyingine ziliuzwa kama chuma chakavu, nyingine zikawa nguzo za uzio, vidaraja vya mitaro, mihimili ya mapaa ya vyoo.

Basi, nilijiambia, kengele yetu imetoka huko. Mtu alinunua kipande cha chuma chakavu Korogwe akakipandisha Handeni. Jibu lilikuwa limetimia na ningeweza kuliacha hapo, kama nisingemweleza babu.

Nilimkuta kwenye kiti chake cha kamba. Siku hizi anaishi Handeni, kwa mjomba.

«Shikamoo, babu.»

«Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na kitabu chako cha treni?»

Nilikuwa nacho. Nilimwonyesha kitoroli. Alikisogeza karatasi mbali na macho, akakisogeza karibu, akacheka kwa ile V ya tumbo. Halafu nikamweleza habari ya kengele na chuma chakavu.

«Hapana,» alisema. «Ile reli ilikuwepo kabla sijazaliwa. Ile ni ya vita. Baba yangu ndiye aliyesukuma toroli juu yake.»

Sikumwamini. Nitakiri hivyo hivyo. Nilikulia Handeni, nikasoma historia hadi kidato cha sita, na hakuna mwalimu aliyewahi kutamka kwamba Handeni ilipata kuwa na reli. Nilimwitikia kwa adabu, nikarudi Korogwe, nikaanza kusoma ili nimthibitishie, kwa upole, kwamba kumbukumbu za wazee huchanganyika.

Ilikuwepo. Imo katika maandishi ya pande zote mbili za ile vita ya kwanza ya dunia. Wajerumani hapa walikuwa wamezungukwa, meli hazifiki, na walikuwa na reli mbili zisizokutana: ya Tanga huku kaskazini na ya Kati kule Morogoro. Ili kuhamisha shehena kutoka moja kwenda nyingine walijenga reli nyepesi kutoka Mombo hadi Handeni. Kutoka Handeni mbele, mizigo ilikwenda vichwani mwa wapagazi kuelekea Reli ya Kati. Vyuma vilitoka kwenye mashamba ya kaskazini, zile ngazi fupi za katalogi, ambazo sasa hazikufuata wakataji wa mkonge bali zilifuata jeshi. Injini haikuwepo. Waingereza, kwenye taarifa zao, waliiita reli ya matoroli, na matoroli yalisukumwa kwa mikono. Ukipima ramani kwa mstari ulionyooka, kutoka Mombo hadi Handeni ni kama kilomita 70. Njia yenyewe haikunyooka.

Mwezi Mei 1916 Jenerali Jan Smuts alianza kushuka kutoka upande wa Kilimanjaro kufuata mto Pangani. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma mbele yake, na kutoka Mombo sehemu yake kubwa iliondoka kwa kufuata reli ile ya matoroli. Mapema Juni palipiganwa Mkalamo, kando ya reli hiyo. Kabla Juni haijaisha Korogwe na Handeni zote zilikuwa mikononi mwa Waingereza, na vita ikasogea kusini kwenye njaa na homa zake. Reli ya Handeni ilikuwa imemaliza kazi. Haikuwahi kuwa na stesheni, wala tiketi, wala ratiba. Hata ile reli iliyounganisha hatimaye Tanga na Reli ya Kati, kutoka Mnyusi hadi Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963, iliuacha mji wetu mbali upande wa magharibi.

Katika miaka ile ile, 1916 na 1917, kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia kilikuwa kinawatengenezea Waingereza injini 495 za mvuke za sentimita 60, kwa ajili ya kupeleka risasi kwenye mahandaki ya Ufaransa. Ni injini ileile ya vita ileile kwa upana uleule. Kampuni ya Bachmann imeitengeneza kwa kipimo cha 1:76, ya kutembea kwenye reli ya milimita 9, na nimeisoma kwenye magazeti ya mdogo wangu hadi nimeikariri: rangi ya jeshi, rangi za baadaye ilipouzwa kwa reli za raia, bomba hili, taa ile. Wapenzi wanajua injini namba ngapi ilikuwa wapi mwaka gani. Sina kinyongo nao. Mtu anayejali skrubu ya injini iliyokufa miaka mia iliyopita ana moyo, nami ningependa kukaa naye meza moja. Lakini injini ya Mombo–Handeni haikuwa na namba ya kiwandani. Ilikuwa na baba mzaa babu, wa miaka kama kumi na minane, na wenzake watatu.

Nilirudi Handeni kuomba radhi, na kabla ya kwenda kwa babu nilipitia shuleni na rula. Kipande bado kipo, mwembe umezeeka, sehemu ya kugongea imelika ikawa kama kijiko. Nilipima kimo: milimita 65, ndicho kimo cha zile reli ndogo za Kijerumani za kilo 7 kwa mita. Ya mashambani na ya vita ni moja, kwa hiyo rula haikuamua kesi. Ilichofanya ni kumtoa ofisini mwalimu mkuu, aliyedhani mimi ni mnunuzi wa chuma chakavu. Tulipoelewana aliniambia kwamba wamekwisha kumfukuza mmoja.

Babu hakunicheka. Aliniambia alichoambiwa. Toroli moja watu wanne. Penye mlima wanasimama wa nyuma wawasaidie wa mbele, kisha wanarudi kuchukua lao. Penye mteremko ndipo palipouma, kwa sababu breki ilikuwa gogo la kukandamiza gurudumu, na toroli likishakimbia linawapita waliolisukuma na kuwafuata waliotangulia. Chuma cha mchana kiliunguza nyayo, kwa hiyo walipenda usiku, ila usiku kulikuwa na simba. Baba yake hakusimulia zaidi ya hayo. Alipozeeka, shule ikiwa imeshajengwa na kengele imeshaning'inizwa, alikuwa akizunguka njia ya nyuma ili asipite chini ya mwembe wakati wa kugonga.

Hapo ndipo nilipomweleza babu nilichokuwa nimepanga tangu niliposoma. Nitaijenga reli ya Handeni. Kwa kipimo cha 1:87 njia nzima ingekuwa na mita 800, nami nina meza ya mita mbili, kwa hiyo nitajenga kipande tu, kwa kipimo kikubwa cha 1:22.5, ambacho macho yangu yanakiweza. Reli zitakuwa na upana wa milimita 27, nimeshaanza kuzikata kwenye bati. Toroli nitalichonga kwa mlingoti wa mkonge, ule ule tuliouchongea magari utotoni, mwepesi, unaokubali kisu kama ndizi mbichi. Watu wa kimo cha sentimita saba na nusu. Katika katalogi nilizonazo nimetafuta watu wanaosukuma toroli sikuwaona. Kampuni ya Preiser, mabingwa wa watu wadogo, wana maharusi, wana wakamua maziwa, wana waogeleaji, wana abiria wanaosinzia. Kwa hiyo wangu nimewachonga mwenyewe. Niliwatoa mfukoni, wanne, wameinama, mikono mbele.

Babu aliwapokea mmoja mmoja akawapanga kwenye mkono wa kiti.

«Hao wa kwenye kitabu,» aliuliza, «wanafanya nini na treni zao?»

«Wanacheza, babu. Ni mchezo wa watu wazima.»

«Na wewe utacheza na baba yangu?»

Sikuwa na jibu. Mjomba alikohoa akaingia ndani. Nilianza kusema kwamba ni historia, kwamba watu wasahau vipi jambo ambalo hawakuwahi kuambiwa, kwamba wanafunzi wangu watauliza. Maneno yote ambayo mwalimu huwa nayo tayari. Babu aliniacha nimalize. Alikuwa anamgeuzageuza mmoja wa wale wanne, akimtazama mgongoni.

«Sikukatazi,» alisema. «Mtengeneze. Watu wajue palipita reli. Ila huyu umemwinamisha. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuinama, hata jembe alilima kwa mpini mrefu. Na hapa umewachagulia saa ile ile mzungu aliyowataka wawe nayo. Hawakuwa wanasukuma siku nzima. Walikuwa wanakula. Walikuwa wanangoja. Walikuwa wanazungumza.»

Nilichonga upya. Iliniichukua wiki za jioni, na mwanangu wa mwisho alikaa nami mezani akipaka rangi miamba. Aliniuliza kichwa cha treni nitakitengeneza lini, nikamwambia hakuna kichwa, akaona hilo ni upungufu mkubwa na akaniahidi kwamba akipata kazi ataniagizia kimoja. Wanne wapya: mmoja amekaa juu ya toroli miguu ikining'inia, mmoja amesimama na kibuyu cha maji, wawili wamechuchumaa kando ya chungu. Vipande viwili vya reli nilivijaza kutu ya kweli, niliyoikwangua, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, kutoka kwenye kengele.

Mwezi uliopita niliifunga meza yangu kwa kanga nikapanda nayo basi la Handeni. Kondakta alitaka kuitoza kama kitanda. Kuanzia Korogwe hadi Sindeni niliishika magotini, na kila aliyepanda alitaka kujua ni nini, nami kila mmoja nilimjibu kwamba ni reli ya Handeni, nao wakanitazama kwa huruma.

Babu aliitazama muda mrefu bila kusema. Alimgusa yule aliyekaa juu ya toroli, akamwacha. Kisha akainama, akaokota kijiwe kidogo uani, akakipuliza vumbi, akakisukumiza kwa kidole chini ya gurudumu la mbele.

«Cha nini, babu?»

«Hapo ulipochora ni mteremko.»